Daktari naye apimwe presha

Mwaka 1951, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza kuhusu uvutaji wao wa sigara. Zaidi ya 40,000 walijibu, wengi wakiwa wavutaji. Ilipobainika kwamba sigara inawaua wenzao kwa saratani ya mapafu, wengi waliacha. Mwaka 1962 chama cha matabibu bingwa cha London kiliitaka serikali ichukue hatua dhidi ya tumbaku. Kwetu hiyo si sadfa: aliyeacha mwenyewe huwahimiza wengine kwa moyo.

Daktari wetu anayekesha zamuni na kushindia chai na mandazi atahimizaje kwa moyo dakika 150 za mazoezi kwa wiki? Mgonjwa ana macho. Hatumlaumu daktari; waajiri ndio wampe mapumziko ya kweli, wampime presha na sukari kila mwaka.