Sauti za Arusini Zisizame katika Kishindo

Msomaji wetu mmoja aishiye Chepsaita, upande wa Turbo karibu na Eldoret, ametuletea suala ambalo twaamini lawahusu wengi. Karibuni atamwoza bintiye. Jamaa watakwenda bara kutoka Mombasa, na pamoja nao akina bibi wa vugo na vijana wa kupiga matari. Kamera ya video anayo. Hofu yake ni kwamba katika arusi iliyotangulia picha zilitoka safi, lakini sauti ilikuwa mkwaruzo mtupu. Hata neno moja la nyimbo halikushikika.

Tuanze na chanzo. Kamera nyingi za nyumbani zimewekwa tayari kwa mazungumzo ya watu walio karibu. Matari, pembe za nyati na spika vinapovuma pamoja, maikrofoni na mitambo iliyo nyuma yake hupokea zaidi ya viwezavyo kubeba. Hapo vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na aghalabu kilichokatwa hakirudi. Kupunguza sauti baadaye katika kompyuta huushusha mkwaruzo tu, hakuuondoi. Tiba, basi, ni ya kabla.

Dawa ya kwanza haina gharama, nayo ni mahali pa kusimama. Mpiga picha asikae mbele ya spika. Katika uwanja wa wazi, umbali unapoongezwa maradufu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Aliyetoka mita 2 hadi mita 8 amepunguza desibeli 12 hivi. Katika ukumbi au ua wenye kuta upungufu huwa mdogo, kwani kuta huirudisha sauti. Uwanja wa wazi nao una upepo, hivyo maikrofoni ivishwe sponji yake.

Dawa ya pili imo ndani ya kamera. Kamera ijirekebishapo sauti yenyewe hukuza kila kitu wakati wa kimya, na pigo la kwanza la tari hupasuka. Iwapo kamera yaruhusu, kiwango kiwekwe kwa mkono, pigo kubwa kabisa lifike karibu na alama ya −12, chini ya 0 ambayo ndiyo ukomo. Wakati mwema wa kujaribu ni pale vijana wanapoyapasha matari moto ili ngozi zikazike: wapige kidogo kwa nguvu zote, na msikilizaji avae vipokea sauti vya masikioni. Ikiwa kipimo ki chini na mkwaruzo ungalipo, maikrofoni yenyewe imezidiwa. Hapo hakuna ila kusogea nyuma, au kutumia maikrofoni nyingine istahimiliyo kishindo.

Anayetaka kuunganisha waya kutoka mashine ya kuchanganya sauti ajue kuwa umeme utokao humo ni mkubwa mno kwa tundu la maikrofoni. Aulize kwanza kama kamera ina mahali pa kupokea sauti ya namna hiyo, la sivyo atumie kipunguzi.

Hatusemi haya kwa kupenda mitambo. Nyimbo za vugo zimo vifuani mwa akina mama watu wazima, na kila mwaka vifua hivyo hupungua. Harusi hairudiwi, na bibi aliyeimba leo huenda asiimbe katika arusi ya mjukuu ajaye.

Ndiyo maana tunamshauri mama wa Chepsaita afanye jambo moja zaidi. Asubuhi ya pili, ngoma zikinyamaza, amkalishe bibi katika chumba kitulivu, kamera iwe karibu, naye ayataje maneno pole pole, beti kwa beti. Aombe kwanza idhini yake na ya wanawake wote waliopigwa picha, na kilichorekodiwa kikae nyumbani kama amana, kisitembee simu kwa simu. Kishindo cha matari tutakisikia tena pengine. Maneno yale, huenda ni mara hii tu.