Motokari ya Fahari Iliyozeeka

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza nanyi, wasomaji wapenzi, habari za mali ya nyumbani: jinsi ya kuipata kwa haki, jinsi ya kuitunza, na jinsi ya kukaa nayo pasipo kuwa watumwa wake. Juma hili twapenda kuzungumza juu ya mali moja inayoshika mioyo ya watu kuliko nyingi nyingine, yaani motokari ya fahari iliyozeeka. Vijana wakiiona njiani husimama, wazee hutikisa kichwa, na mwenye nayo huitazama kila asubuhi kana kwamba ameipata jana. Je, furaha yake ni ya kweli? Na bei yake ni nini? Ili tusiseme maneno ya hewani, tutachukua motokari moja tu, ya Wafaransa, ijulikanayo kwa herufi mbili: Citroën SM.

Jina la Citroën halikuwa geni kwa wazee wetu. Mwaka 1924 kampuni hiyo ilituma msafara wa motokari zilizokuwa na mikanda ya mpira nyuma, mahali pa magurudumu. Ulitoka Algeria, ukavuka jangwa la Sahara, na mwaka 1925 ukapita katika nchi yetu hata Stanleyville, mji uitwao leo Kisangani, ukaendelea mpaka Uganda na mwisho Madagaska. Dunia nzima ilisifu. Lakini miaka michache tu baadaye, mwaka 1934, kampuni ya Bwana André Citroën ilifilisika, kwa kuwa alijenga na kubuni upesi kuliko mfuko wake ulivyoweza kuvumilia. Kampuni ikachukuliwa na Michelin, watengenezaji wa tairi, naye akafariki mwaka 1935. Tuliweke jambo hilo moyoni, kwa maana tutalikuta tena mbele.

Mwaka 1955 mafundi wa kampuni hiyo walitoa motokari iitwayo DS. Haikuwa na springi za chuma kama nyingine; ilibebwa na mafuta na gesi iliyoshindiliwa. Ndiyo iliyombeba Jenerali de Gaulle jioni ile ya tarehe 22 Agosti 1962, huko Petit-Clamart karibu na Paris, wauaji walipoimiminia risasi. Tairi zilitobolewa, lakini motokari haikupinduka wala kusimama, naye akaokoka. Kisha, mwaka 1968, Citroën waliinunua kampuni ya Maserati ya Italia, mabingwa wa injini za mbio. Ufundi wa Wafaransa ukaungana na moto wa Waitalia, na mwezi wa Machi 1970, katika maonyesho ya Geneva, SM ikafunuliwa mbele ya watu.

Ilikuwa motokari ya aina ile ambayo Wafaransa na Waitalia huiita ya safari kubwa, yaani iliyoundwa kwa kwenda mbali, upesi, pasipo kumchosha aliyemo. Injini yake ya Maserati ina silinda 6 na nguvu za farasi 170, nayo yaweza kukimbia kilomita 220 kwa saa. Mwaka 1971 ilishinda mashindano ya Morocco, katika njia za mawe na vumbi. Mwaka 1972 Rais Pompidou alitengenezewa mbili ndefu zisizo na paa, akampokea kwayo Malkia Elizabeth wa Uingereza alipozuru Paris mwezi wa Mei.

Tuanze na furaha, kwa maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kujua alichokipenda. Asubuhi mwenye SM huikuta imelala chini, tumbo karibu na ardhi. Akiwasha injini, inainuka taratibu, kama mtu anayeondoka magotini baada ya sala. Usukani wake, kutoka mwisho wa kushoto hata mwisho wa kulia, ni mizunguko miwili tu. Ukiuachia, hurudi katikati wenyewe, hata motokari ikiwa imesimama. Mwendo ukizidi, usukani huzidi kuwa mzito, ili mkono usifanye pupa. Mahali pa pedali ya breki pana kitufe cha mpira mfano wa uyoga, nacho chataka mguu mwepesi. Mbele kuna taa 6 nyuma ya kioo, na mbili kati yake hugeuka pamoja na usukani, hata usiku dereva aona ndani ya kona kabla hajafika. Barabara mbovu hupita chini ya miguu yake kama maji chini ya mtumbwi. Nani awezaye kusema kwamba kazi ya mikono namna hii si nzuri? Akili iliyoibuni ni kipaji cha Mwenyezi Mungu, na kuufurahia uzuri wake si dhambi.

Lakini kizuri hakikosi ila. Ndani ya injini ile kuna minyororo inayozungusha mitambo ya vali. Ule mkubwa hukazwa na kifaa kilicho dhaifu kuliko kazi yake. Mnyororo ukilegea na kuruka meno, vali na pistoni hugongana, na injini yote huvunjika kwa dakika moja. Dawa yake yajulikana: kuukagua na kuubadili kabla ya wakati. Lakini kuufikia ni kazi ndefu, na mara nyingi injini hutolewa nje. Matufe ya gesi yanayobeba motokari nayo hupoteza nguvu kidogo kidogo, pasipo kelele. Siku moja motokari iliyokuwa laini kama godoro yageuka ngumu kama mkokoteni. Mafuta ya kijani yanayoendesha breki, usukani na miguu yake hutaka kubadilishwa, na mipira yote ya mabomba huzeeka. Breki za mbele zimewekwa ndani, karibu na giaboksi, mahali ambapo mkono wa fundi hufika kwa shida. Kutu hula bati chini ya rangi. Na petroli? Lita 15 au zaidi kwa kila kilomita 100.

Sasa tutoe mfano. Tuseme mwalimu wa hesabu katika mji wa Lyon, mwenye mke na watoto wawili, aliiona SM ujanani mwake akaitamani. Mwaka 1980 anaipata iliyotumika. Bei imeshuka sana, kwa kuwa watu waogopa petroli yake na injini yake. Mtu huyu ni wa mfano tu, lakini yatakayompata ndiyo yaliyowapata wengi.

Mwezi wa kwanza ni wa furaha tupu. Anawachukua jamaa zake kwenda Marseille kuiona bahari, na watoto walala usingizi njia nzima. Mwezi wa tatu mafuta ya kijani yaonekana sakafuni. Mwezi wa tano ni matufe. Fundi amwonya habari ya mnyororo, yeye ajibu, «Baadaye.» Ankara za garaji zaanza kuja katika bahasha, naye azificha ndani ya kamusi kubwa, akijua kwamba mkewe hafungui kitabu kile. Nyumbani nyama yapungua mezani, na viatu vya mtoto mkubwa vyatiwa kiraka mara ya pili.

Siku moja mtoto atafuta neno katika kamusi, na bahasha zaanguka sakafuni, nne kwa pamoja. Mama azisoma zote amesimama. Jioni mumewe aporejea hampigii kelele. Amwambia, «Motokari siichukii. Hata mimi naipenda. Ninachokichukia ni kitu hiki cha kufichwa. Ulipoinunua ulinionyesha bei moja. Kumbe zilikuwa bei mbili.»

Tazameni, wapenzi, mama yule amesema neno ambalo wauzaji hawalisemi. Motokari ya fahari iliyozeeka ina bei mbili. Ya kwanza hulipwa siku moja mbele ya muuzaji, na ya pili hulipwa kila mwezi mbele ya jamaa. Ya kwanza hushuka motokari inapozeeka. Ya pili hupanda. Kitu kilichojengwa kwa ajili ya tajiri, hata kikiuzwa kwa bei ya maskini, huendelea kula chakula cha tajiri. Mnyororo wake haujui kwamba amehamia kwa mwalimu.

Basi, mtu wetu afanye nini? Njia ni mbili, na zote mbili ni za heshima. Anaweza kuiuza, akubali hasara, anunue motokari ndogo ya kumpeleka kazini, na kuibakiza SM katika picha ukutani. Au anaweza kuishika, lakini kwa masharti. Yeye na mkewe wafungue daftari moja, pasipo siri: upande huu mshahara, chakula, ada ya shule na sadaka, upande ule motokari. Kila mwezi waweke fedha kidogo kwa ajili ya matengenezo hata kama hakuna kilichoharibika. Mnyororo ubadilishwe kwanza, kabla ya rangi, kabla ya ngozi ya viti, kabla ya kitu chochote kionekanacho na majirani. Na ikiwa daftari linasema kwamba fedha hiyo yatoka katika viatu vya mtoto, jibu limekwisha patikana, wala hapana haja ya kuuliza mtu mwingine.

Wahenga wamesema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. SM nyingi hazikuuawa na mwendo wa kasi, wala na ajali. Ziliuawa na neno lile, «Baadaye.» Na zile zinazokwenda hata leo, zaidi ya miaka hamsini baada ya kuundwa, ni zile zilizoangukia mikono ya watu wenye subira. Mafundi wachache wa Ulaya wamejifunza udhaifu wa mnyororo, wakatengeneza vikazio vilivyo imara kuliko vya kwanza. Leo motokari hizo zathaminiwa, na bei yake imepanda tena. Lakini msidanganyike: aliyeinunua kwa tamaa ya faida amekwisha kuilipa faida hiyo garajini.

Hata kampuni yenyewe haikulikwepa somo hili. Ilikuwa imenunua Maserati, ilikuwa ikibuni motokari mpya kadha wa kadha kwa wakati mmoja, na fedha zikapungua. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda duniani kote. Mwaka 1974 Wafaransa wakawekewa mpaka wa kilomita 130 kwa saa katika barabara zao kubwa. Motokari ya kilomita 220 ikawa kama mwanariadha aliyefungiwa chumbani. Peugeot wakaanza kuichukua Citroën, na mwaka 1975 SM ikaachwa, zikiwa zimeundwa 12,920 tu. Maserati nayo ikaachwa mwaka huo huo. Hivyo wajukuu wa kazi ya Bwana André, miaka arobaini baadaye, walipita katika njia ile ile aliyoipita babu yao. Akili ya kubuni walikuwa nayo tele. Kilichopungua ni kuketi na kuhesabu.

Labda mtauliza: Sisi na SM tuna nini? Katika Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani hatuioni. Ni kweli. Lakini twaona motokari nyingine kubwa, zilizotumika Ulaya au Japani kwa miaka mingi, zikifika na rangi inayong'aa na viti vya ngozi. Twaona baba akikopa ili aipate moja, kisha tunaiona imesimama uani juu ya mawe, kuku wametaga chini yake, kwa kukosa kipuri kimoja kinachozidi mshahara wa miezi mitatu. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, Bwana wetu atoa habari ya mtu aliyetaka kujenga mnara akaishia msingini, na wapita njia wakamcheka. Mnara ule siku hizi una magurudumu manne.

Ninyi wazazi, kabla ya kununua, muulizeni fundi asiyepata kitu katika biashara ile: Sehemu gani itakufa kwanza, na kuifufua ni fedha ngapi? Muandike jibu lake katika daftari, mke na mume pamoja. Ninyi wanafunzi mnaosimama njiani kutazama, endeleeni kutazama, lakini msiishie kwenye rangi. Ombeni kufunguliwa boneti. Ulizeni mafuta yapita wapi, na kwa nini mnyororo hulegea. Mwenye motokari ya fahari hutafutwa na wadeni wake; fundi mwaminifu anayejua kuiponya hutafutwa na wenye motokari wote.

Na yule mwalimu wa Lyon tuliyemtoa kwa mfano? Tumwache mezani usiku ule, kamusi imefungwa, daftari limefunguliwa, yeye na mkewe wakijumlisha pamoja. Hatujaandika jumla yao. Kila nyumba ina yake.