Amortisere Haibebi Muzigo

Kijana mumoja wa kanisa, anayepakia makala kwa kamioneti, aliniuliza: «Pasta, nikitia amortisere za nguvu, nitaongeza mifuko?»

Hapana, mwanangu. Muzigo unabebwa na lame, vile vyuma vilivyopangana kule chini. Kazi ya amortisere ni kutuliza lame zisirukeruke, ili mipira ikamate barabara. Zenye gazi ndani zinafaa sana kwa njia zetu za mashimo: mafuta ikipata moto haitoi povu upesi, nguvu haipotei.

Wewe pia angalia zako. Mafuta inavuja? Ukisukuma pembe ya motokari chini na kuachilia, inaruka-ruka bila kutulia? Mipira inakulika madoa-madoa? Basi badilisha mbili pamoja, za mbele ao za nyuma. Usibadilishe moja tu.

Lakini uzito ulioandikwa na kiwanda unabaki ule ule. Breki ni zile zile, lame ni zile zile. Na juu ya ile mifuko kunakaa mama na mutoto mugongoni. Wewe unayeshika usukani, hesabu hao kwanza, ndipo uhesabu makala.