Daktari, majibu ya utafiti tutayapata lini?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kulazwa na mtoto katika hospitali ya rufaa, akaja daktari kijana na karatasi mkononi. Akakueleza kwamba anasomea ubingwa, anafanya utafiti, na anaomba kumtoa mwanao damu kidogo. Ukamsikiliza, ukaweka sahihi au dole gumba. Je, uliwahi kuambiwa utafiti ule ulionyesha nini?

Mimi nilikuwa daktari kijana wa namna hiyo. Nilichunguza upungufu wa damu kwa watoto, nikaandika tasnifu kwa Kiingereza, nikaitetea mbele ya maprofesa, nikafaulu. Miaka michache baadaye mama mmoja alinitambua kliniki. “Daktari, si wewe uliyemtoa mwanangu damu ya utafiti? Majibu yalikuwaje?” Nilikosa la kusema. Majibu yalikuwa kwenye kabati la maktaba, tena kwa lugha asiyoisoma. Jioni ile nilikaa kumwandikia ukurasa mmoja wa Kiswahili, na ulinitoa jasho kuliko sura nzima ya tasnifu.

Ndiyo maana leo nasema wazi: kila mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayefanya utafiti kwa wagonjwa aandike pia makala fupi ya Kiswahili gazetini, aeleze alichokipata na maoni yake kuhusu nini kifanyike. Hiyo si hisani. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linataka washiriki wa utafiti wapewe nafasi ya kuambiwa matokeo ya jumla. Aliyetoa damu ana haki ya kujua ilifanya kazi gani.

Wapo wenzangu wanaopinga. Wanasema wananchi watapotoshwa. Hofu hiyo ina msingi, na nitatoa mfano.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi waliongezewa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa. Wengine walipata matibabu mengine yote bila maji hayo ya haraka. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa karibu 11, na katika kila 100 wasiopewa walikufa karibu 7. Hata sisi madaktari tulishangaa.

Sasa fikiria mtu aandike kwa papara: “Dripu inaua watoto.” Mama ambaye mwanawe anaharisha, macho yamedidimia, angeweza kuikataa. Kumbe watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha anahitaji maji, kwa mdomo au kwa mshipa, na kuchelewa kunaweza kumuua.

Lakini kukaa kimya nako kuna gharama. Mpaka leo wazazi wananiuliza wodini, “Daktari, mbona hujamwekea dripu?” wakiamini kila mtoto aliyelegea anahitaji chupa ya maji. Wengine wanadhani tunawabania. Hawakukosea wao. Sisi hatukuwaeleza kwa lugha yao. Kwa hiyo mwanafunzi aandike, msimamizi wake akague takwimu, kisha amsomee mtu asiye daktari. Asipoeleweka, aandike upya. Na asitaje jambo litakalomtambulisha mgonjwa.

Wewe msomaji, ukikuta makala ya namna hiyo, jiulize: Walichunguzwa watu wangapi, na wa aina gani? Walilinganishwa na akina nani? Nani aligharamia? Je, mwanangu anafanana na watoto wale? Kisha usiache wala usibadilishe dawa kwa sababu ya makala moja, hata hii yangu. Likate gazeti, uje nalo kliniki tulizungumze.

Na siku ukiombwa kushiriki katika utafiti, kumbuka kwamba una hiari ya kukubali au kukataa, na matibabu yako hayatapungua. Ukikubali, kabla ya kuweka sahihi uliza kwa upole: “Daktari, majibu tutayapata lini, na kwa lugha gani?” Usiogope, si utovu wa adabu. Mimi ningeulizwa hivyo siku ya kwanza, yule mama asingenikuta kliniki sina jibu.