Anayeepa Mkono Hana Kiburi

Katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, tangu Nyeri na Karatina hata Nanyuki na Embu, asiyetoa mkono wakati wa salamu huhesabiwa kuwa na takaburi. Ilhali wamo miongoni mwetu watu ambao wakiguswa tu, hata na jamaa zao, moyo huwaenda mbio, jasho likawatoka na pumzi zikawakatika, wala si kwa hiari yao. Rai yangu ni kwamba watu hao hawana deni la kutueleza sababu, bali sisi ndio tuliofaradhiwa kuomba idhini.

Sababu zenyewe ni nyingi. Wako ambao tangu utoto mguso mdogo huwachoma, kama ilivyo kwa baadhi ya wenye usonji; wako ambao asili ya hofu yao haijulikani; na wako waliowahi kuguswa kwa hujuma. Sababu hii ya mwisho ina kumbukumbu yake mahakamani. Jane Muthoni Mara, aliyefanyiwa unyama katika kambi ya wakoloni Waingereza nchini Kenya siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, alisimama London pamoja na Wambugu wa Nyingi na wenzao, na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ikaeleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wadai 5,228. Fidia ililipwa, lakini hakuna serikali iwezayo kuuamuru mwili usahau. Na jinsi kila mmoja wao alivyouchukua mzigo wake baadaye si juu yetu kukisia, maana adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tazama sasa stendi ya Karatina siku ya soko. Makanga mmoja amemshika mama kiwiko, wa pili amekwisha kutia mkono katika kiondo chake, na wote wawili wanapaza sauti, “Mathe, Nairobi moja!” Mama anakibana kiondo kifuani, anarudi nyuma hatua mbili, nao wanacheka. Waonacho ni abiria mkaidi. Yumkini aliyesimama mbele yao ni mtu anayepigania pumzi.

Walio karibu na mtu mwenye hofu ya kuguswa nao aghalabu hukosea kwa mapenzi, wakamkumbatia kwa nguvu wakidhani atazoea. Hofu hii hulishwa na kukimbia, maana kila akwepapo hupata nafuu, na mwili ukajifunza kuwa kukwepa ndiko kulikomwokoa. Hata hivyo haiponywi kwa kulazimishwa. Mshauri mwenye ujuzi humwongoza kidogo kidogo, leo kukaa karibu, kesho ncha ya kidole juu ya mkono wa nguo, na mgonjwa mwenyewe ndiye mwenye amri ya kusimamisha.

Huenda mtu akasema kwamba kupeana mikono ni adabu ya wazee. Naam, ni adabu. Lakini mwaka 2020, korona ilipoingia, tuliiacha kwa miezi mingi, tukaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, na heshima isipungue. Lililowezekana kwa kuogopa maradhi litashindikanaje kwa kumsitiri jirani? Basi muuguzi aseme kabla ya kufunga kipimo cha presha mkononi, mwalimu aulize kabla ya kumshika mwanafunzi bega, na makanga aite abiria kwa mdomo, kwani sauti anayo ya kutosha.