JOKA LINALOJIPIGA LENYEWE: "SHEIKH, NILIKUWA NA HASIRA" SI UDHURU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo naianzia mahali ambapo wengi wenu hamkutarajia: kwenye gemu wanayocheza watoto wenu. Usiruke ukaenda kwenye posti nyingine. Soma mpaka mwisho, kwa sababu maneno haya yanamhusu baba na mama kuliko yanavyomhusu mtoto.

Gemu yenyewe ni Pokémon. Ilitoka Japani mwaka 1996. Ndani yake kuna viumbe vya kubuni vinavyopigana kwa zamu: wewe unachagua shambulio moja, mpinzani wako anachagua lake, zamu inapita, mnachagua tena. Kuhusu hukumu ya kuicheza, wanazuoni wamelizungumzia. Saudi Arabia iliipiga marufuku mwaka 2001, na hoja mojawapo ilikuwa kamari. Mwenye swali hilo amuulize sheikh wake, na kwa vyovyote asikubali gemu yoyote imle mtoto sala zake wala imuingizie kamari nyumbani. Leo sikuja na hukumu hiyo. Nimekuja na shambulio moja tu lililomo humo.

Linaitwa Outrage, yaani ghadhabu iliyovuka mpaka. Liliingia kwenye gemu hiyo mwaka 1999, na asili yake ni shambulio la majoka. Nguvu yake ilianza na 90, na mwaka 2006 ikapandishwa hadi 120. Ili upate picha, shambulio la kuparua kwa kucha, ambalo viumbe wadogo huanza nalo, lina nguvu 40. Kwa hiyo kijana akiwa na joka kama Dragonite, na mpinzani amemchosha, moyo unamtuma: piga Outrage, umalize kazi.

Lakini tazama masharti yake.

1. Ukishalichagua, joka limefungwa. Litapiga zamu mbili au tatu mfululizo, na katika zamu hizo huulizwi tena unataka nini. Huwezi kuchagua shambulio jingine, wala huwezi kulitoa uwanjani uingize kiumbe mwingine. Unatazama tu.

2. Ghadhabu ikiisha, joka linachanganyikiwa. Unaliamuru lishambulie, na badala ya kumpiga adui linaweza kujipiga lenyewe. Zamani uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Katika gemu zilizotoka kuanzia mwaka 2016 ni kama theluthi moja.

3. Pigo hilo la kujipiga linapimwa kwa nguvu za joka lenyewe dhidi ya ulinzi wake lenyewe. Maana yake, ukilikuza likawa na mkono mzito zaidi, umelizidishia pia maumivu litakayojipa.

Subhanallah! Watu waliokaa kutengeneza mchezo wa watoto wameieleza hasira kwa namna ambayo mtoto wa miaka kumi anaielewa, na mtu mzima mwenye ndevu bado anabishana nayo.

Sasa turudi majumbani kwetu.

Masheikh na makadhi wanaijua sentensi moja kuliko sentensi zote. Mtu anakuja asubuhi, macho mekundu, hajalala. Jana usiku ametamka talaka. Wengine wametamka tatu kwa mkupuo, wengine wameituma kwa sauti ya WhatsApp, na mkwe ameshaisikia. Ukimuuliza ilikuwaje, jibu ni lile lile: "Sheikh, nilikuwa na hasira. Sikuweza kujizuia."

Ndugu yangu, nusu ya maneno yako ni kweli. Ulipofika kwenye lile tamko, huenda kweli hukuweza kujizuia. Ulikuwa joka katika zamu ya tatu. Lakini nani alichagua zamu ya kwanza? Nani aliyepandisha sauti wakati mazungumzo yalikuwa bado ya kawaida? Nani aliyeanza kuhesabu makosa ya mwaka juzi? Mkeo alikwambia, "Baba Fulani, tuyaache haya, tutazungumza kesho." Ulikuwa na nafasi ya kunyamaza, ukachagua ghadhabu. Ulipoichagua, ulichagua na zamu zake zote.

Ndiyo maana naipinga tabia yetu ya kuifanya hasira kuwa udhuru. Tunasema "alikuwa na hasira" kama vile tunasema "alikuwa na homa". Homa humjia mtu. Hasira pia humjia mtu, hilo silikatai, lakini kuitumia ni uamuzi, na uamuzi huo hufanyika mapema, dakika ile ambayo akili yako bado iko nawe.

Wanazuoni wa fiqhi hawakuliacha jambo hili juu juu. Ibnul Qayyim, Allah amrehemu, aliigawa hasira ya mwenye kutaliki katika daraja tatu. Ya kwanza ni hasira ambayo mtu bado anajua anachosema na anakikusudia: talaka yake inapita. Ya pili ni hasira iliyomwondolea mtu akili kabisa, hajui kinachomtoka: hiyo haipiti. Ya tatu iko katikati, na hapo ndipo wanazuoni wametofautiana. Sasa jiulize kwa haki: wewe uliyekumbuka jina la mkeo, ukakumbuka namba ya simu ya kaka yake, ukabonyeza ukarekodi, uko daraja gani? Usijipe fatwa mwenyewe. Nenda kwa kadhi au sheikh mwenye elimu, umweleze ukweli wote bila kupunguza. Lakini usiingie mlangoni ukidhani neno "hasira" litakufutia kila kitu.

Na si talaka peke yake. Yuko mzazi aliyempiga mtoto hadi akamvunja mkono, sasa yuko hospitali anamlilia na kuuza simu ili alipie matibabu. Yuko dada aliyemwaga siri za mumewe kwenye kundi la familia, leo anafuta ujumbe ambao watu arobaini wameshausoma. Yuko kijana aliyemtukana bosi wake, na kodi ya nyumba ni wiki ijayo. Hawa wote wako katika ile hali ya joka baada ya ghadhabu kuisha. Kila wanachofanya kinawarudia wenyewe. Na mwenye nguvu ndiye anayeumia zaidi: baba ambaye neno lake ndilo linalosimamisha nyumba, neno lake hilo hilo ndilo linaloibomoa.

Liko jambo jingine ambalo wachezaji wazoefu wanalijua. Mpinzani akiona joka lako limeanza Outrage, hafanyi haraka. Anajua hutaweza kubadilisha. Tangu mwaka 2013 gemu hiyo ina viumbe wa aina inayoitwa Fairy, ambao shambulio la joka haliwagusi hata kidogo. Anakuletea mmoja wao, anasimama mbele yako ametulia. Wewe umeshajifunga, yeye bado ana uchaguzi wake wote.

Adui yetu mkubwa ni shetani, na yeye hana haja ya kukushinda kwa nguvu. Anasubiri ujifunge. Ndiyo maana Mtume wetu (s.a.w.) alipowaona watu wawili wakitukanana, mmoja uso umemwiva, alieleza kuwa analijua neno ambalo mtu huyo akilisema yatamwondoka aliyonayo: kujikinga kwa Allah na shetani. Na mtu alipomjia akitaka wasia, alimuusia asikasirike. Akarudia kuuliza, akajibiwa hivyo hivyo. Tena akafundisha kuwa mwenye nguvu hasa si yule anayewaangusha watu mieleka, ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira.

Kuna anayesema, "Mbona Nabii Musa (a.s.) alikasirika?" Hasha, Mitume hatuwapimi kwa mizani zetu. Musa alikasirika kwa ajili ya Allah, watu wake walipoabudu ndama. Lakini hata hapo, soma Suratul A'raf uone adabu iliyomo. Ndugu yake Harun alimwita kwa jina la upole, mwana wa mama yake, akamuomba asiwape maadui nafasi ya kufurahi. Musa akageukia dua, akajiombea msamaha yeye na ndugu yake. Na hasira ilipotulia, aliziokota zile mbao. Sisi tunakasirika kwa sababu chai imepoa, na mbao tulizozitupa hatuziokoti.

Nimalizie na tunda. Katika gemu hiyo lipo tunda linaloitwa Lum Berry. Joka likiwa limelibeba, likichanganyikiwa linalila na akili inarudi. Wachezaji wengi wanalitumia hivyo hasa: wanampa joka tunda, kisha wanapiga Outrage bila hofu. Lakini tunda hilo ni moja. Likiliwa, limekwisha, na pambano bado linaendelea.

Wako wanaoishi na wake zao, waume zao na wazazi wao kwa hesabu hiyo. "Nitafoka, kisha nitaomba radhi, atanisamehe kama kawaida." Ndugu yangu, Allah mlango wa toba yake uko wazi muda wote roho haijafika kooni. Moyo wa binadamu si hivyo. Mkeo amekusamehe mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Hujui ni lipi lilikuwa tunda la mwisho.

Kwa hiyo, dawa itumike kabla ya zamu ya kwanza:

• Ukihisi kifua kinapanda, sema A'udhu billahi minash shaytanir rajim.
• Nyamaza. Neno ambalo hujalisema halihitaji kuombewa radhi.
• Kama umesimama, kaa. Kama umekaa na bado inawaka, lala. Hayo ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.).
• Tia udhu.
• Weka simu mbali. Usirekodi wala kuandika chochote mpaka upite usiku mmoja.
• Mzazi, usimwadhibu mtoto ukiwa na hasira. Kadhi amekatazwa kuhukumu kati ya watu wawili akiwa ameghadhibika, na wewe ndiye kadhi wa nyumba yako.

Na kama mwanao anaicheza gemu hii, kaa naye leo jioni. Muulize, "Outrage inafanyaje kazi?" Mwache akueleze vizuri, kisha muulize amewahi kuiona wapi nje ya gemu. Jiandae, huenda akakujibu kwamba ameiona kwako. Akikwambia hivyo, usikasirike.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe miongoni mwa wanaozuia ghadhabu zao na kuwasamehe watu. Zilinde nyumba zetu na maneno yasiyorudi. Waliovunjikiwa kwa sababu ya hasira, waunganishe kwa kheri, au wape subira na njia iliyo njema. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako, huenda usiku huu yupo mtu anayekaribia zamu ya kwanza.