Mchezaji ambaye sikumwandika

Wadau, nisiwafiche: muhula uliopita nilikuwa na madaftari mawili. La darasani lilikuwa na kurasa nne zilizoandikwa. La mashindano ya poka mtandaoni lilijaa.

Na lilinifundisha kitu. Mtandaoni humwoni mtu usoni, kwa hiyo unasoma mwenendo wake: anaongeza dau akiwa amekaa nafasi ipi, anachukua muda gani kujibu, mwishoni alionyesha karata zipi. Niliandika: "Huyu hatupi jozi, usimpige mkwara." "Huyu akikaa kimya halafu akaongeza dau, kimbia." Mwaka 2007 Annette Obrestad wa Norwei alishinda shindano la mtandaoni la watu 180 akiwa amefunika karata zake mwenyewe, kwa maelezo yake, alichungulia mara moja tu. Alikuwa anasoma watu.

Kwa hiyo wanaosema poka ni bahati tupu, sikubaliani nao. Ila wanaosema ukijua kusoma wapinzani utakula tu, hao nawakatalia zaidi. Daftari langu lilikuwa safi, na bumu lilikata wiki ya tatu. Kuna mchezaji mmoja sikumwandika: yule anayeingia saa nane usiku ana hasira, analipa kiingilio tena na tena ili arudishe alichopoteza. Mimi.

Ushauri wangu: kabla hujamwandika mpinzani, jiandike wewe ukurasa wa kwanza, bila kujionea huruma. Mimi nilipomaliza kuuandika, nilifunga akaunti. Kurasa zilizobaki ninaandikia mihadhara. Nina sapu mbili.